Bastola, panga na vitisho kazini: jinsi ya kuandika kanuni zinazolinda wote, mwenye leseni pia

Katika mikataba mingi ya kazi hapa Kenya utakuta sentensi kama hii: "Mfanyakazi yeyote atakayepatikana na silaha atafutwa kazi papo hapo." Inasomeka kwa ukali wa kupendeza, na mwenye kampuni akishaitia sahihi huona suala la usalama limeisha. Ichambue kidogo uone. Haisemi huyo mtu atapatikana na silaha wapi: ofisini, kwenye maegesho, au nyumbani kwake Milimani bastola ikiwa ndani ya sefu? Haimgusi mteja, wala dereva wa lori aliyeleta mzigo, wala mume wa karani aliyekuja amefura, wala mkurugenzi ambaye mara nyingi ndiye pekee mwenye leseni pale. Panga la mkata miwa wa Chemelil ni silaha au ni kifaa cha kazi? Halafu hayo maneno "papo hapo" ndiyo yatakayokufikisha katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Nakuru au Kisumu, na ukatoka huko umelipa.

Njia inayofanya kazi ni kufungua faili mbili na kutozichanganya. Ya kwanza ni ya silaha: zinakatazwa wapi, nani ana idhini, zinahifadhiwa vipi. Ya pili ni ya mwenendo: vitisho, kupigana, kumvizia mtu, kuharibu mali kwa hasira. Mwenye bastola halali haingii faili ya pili kwa sababu tu jina lake limo katika ya kwanza. Na anayetisha wenzake haponi kwa sababu tu hana bastola. Ngumi, chupa, panga, jembe na rungu ziko karibu na mkono kila siku. Bastola yenye cheti ni adimu mno katika maeneo ya kazi ya magharibi mwa Kenya, ila ikikosewa mara moja, kosa halirekebishiki.

Sheria inakupa nafasi gani

Katiba ya 2010 haimpi raia wa Kenya haki ya kumiliki bunduki. Kumiliki ni ruhusa, na hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bodi inaweza kuinyima au kuiondoa kwa mtu mwenye tabia ya ulevi, asiye na akili timamu, au asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu nyingine. Kwa hiyo mwenye jengo akisema "humu hatuingii na bunduki", hajavunja haki ya mtu.

Ila mwenye leseni hajapoteza haki zake nyingine alipopewa cheti cha silaha, yaani hiyo leseni. Ana faragha yake (kifungu cha 31 cha Katiba), mali yake (40), haki ya kutendewa haki kazini (41), na haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na ofisi ya serikali inapofanya uamuzi unaomhusu (47). Upande wa wenzake kuna kifungu cha 29, kinachomkinga kila mtu dhidi ya ukatili, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 6, inamtwika mwajiri jukumu la kulinda usalama, afya na maslahi ya wote wanaofanya kazi mahali pake. Ukiyaweka hayo pamoja unapata mpaka ulio wazi: mwajiri anaweza kuizuia silaha isiingie eneo lake, lakini hana kibali cha kumwadhibu mtu kwa kuwa nayo kihalali kwingine.

Hapa tahadhari moja. Kanuni zinazopakuliwa kwenye intaneti nyingi zimeandikwa Marekani, na huko hesabu ni tofauti. Katiba yao ina marekebisho ya pili ya mwaka 1791 kuhusu haki ya kubeba silaha, na majimbo kadhaa, Oklahoma kuanzia 2004, Florida 2008, Texas 2011, yana sheria zinazomzuia mwajiri kumkataza mfanyakazi kuacha bunduki halali ndani ya gari lake lililofungwa kwenye maegesho ya kazi. Waajiri wa Oklahoma waliipinga sheria yao hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho, wakashindwa mwaka 2009. Ukinakili kanuni ya aina hiyo na kuibandika Naivasha, utakuwa umewaruhusu watu kuacha bastola ndani ya magari bila sheria yoyote ya hapa kukulazimisha, na kinyume na wajibu wa mwenye silaha wa kuiweka mahali salama wakati wote.

Anza kwa kuchora mpaka

Chukua ramani ya eneo lako, hata ya kuchora kwa mkono, na uonyeshe kanuni inaanzia wapi na kuishia wapi. Lango, maegesho, magari ya kampuni, nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba, basi la kuwachukua wafanyakazi asubuhi, ukumbi wa sherehe ya mwisho wa mwaka: kila kimoja kiandikwe kama kimo au hakimo. Nyumba za wafanyakazi ndizo hutatanisha. Ziko ndani ya ua wa mwajiri, lakini ni makazi ya mtu na faragha yake iko palepale. Busara ni kutotumia kanuni ya ofisini humo. Andika sharti lake peke yake: mkaazi mwenye silaha halali aweke sefu iliyofungwa ukutani, na asiitoe silaha hiyo kuelekea mahali pa kazi.

Kisha tenganisha silaha na vifaa. Mkata miwa, mkata maua, mchinjaji na fundi wa seremala wanahitaji makali yao. Kanuni iseme kifaa ni cha kazi kikiwa kwenye kazi yake, zamu yake na eneo lake. Panga lililobebwa kwenda ofisi ya malipo si kifaa tena. Jambo dogo linalosaidia sana kwenye mashamba: mapanga yahesabiwe yakitoka stoo na yakirudi, na siku ya malipo yarudi stoo kabla foleni haijaanza. Silaha bandia nazo zitajwe kwa jina. Mtu akielekezewa bastola ya plastiki hasimami kuuliza kama ni ya kuchezea, na Sheria ya Silaha yenyewe inaadhibu matumizi mabaya ya silaha bandia.

Sentensi ile ya mwanzo sasa inaweza kuandikwa upya hivi:

"Hakuna mtu, awe mfanyakazi, mkurugenzi, mteja au mgeni, atakayeingia au kukaa na bunduki, bastola, risasi au kitu kinachofanana nazo ndani ya eneo lililoonyeshwa kwenye ramani ya kanuni hii, isipokuwa afisa wa usalama wa serikali aliye kazini, au mtu mwenye idhini ya maandishi iliyotolewa na kampuni na ambayo muda wake haujaisha. Kumiliki silaha kihalali nje ya eneo hili si kosa la kinidhamu. Anayedaiwa kuvunja kanuni hii atasikilizwa kwa utaratibu wa nidhamu kabla ya uamuzi wowote."

Ona jinsi neno "mkurugenzi" lilivyowekwa mapema. Kanuni inayomruka mwenye kampuni huvunjika wiki ya kwanza, kwa sababu askari wa langoni hawezi kumzuia msambazaji wa saruji baada ya kumwona bosi akipita na mkoba wa bastola kiunoni.

Kampuni ikiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kuwe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Rasimu ipitie huko kwanza. Kama kuna chama cha wafanyakazi na mkataba wa pamoja, mpe mwakilishi nakala kabla hujaibandika. Adhabu mpya isiyolingana na mkataba huo itaangushwa hata kama nia yako ilikuwa njema. Ikishapita, isomwe kwa lugha ambazo watu wa hapo wanazielewa.

Nani apewe idhini, na nini kiandikwe

Jibu la kawaida liwe hapana. Idhini itolewe pale tu kazi yenyewe inapoleta hatari inayojulikana, kwa mfano mtu anayesafiri na fedha au aliyetishiwa maisha na polisi wana taarifa yake. "Nimezoea kutembea nayo" si sababu.

Usiwagawie wafanyakazi wote fomu ya kuuliza nani ana bunduki nyumbani. Kwanza, haikuhusu. Pili, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 taarifa za mali ya mtu ni miongoni mwa data nyeti, na huna sababu halali ya kuzikusanya kwa jumla. Tatu, na hili ndilo linalopaswa kukukosesha usingizi, orodha ya watu wenye bastola na mahali wanapoishi ni orodha ya manunuzi kwa majambazi. Ikivuja kutoka kwenye kompyuta ya masijala, umewapelekea wezi hadi mlangoni watu ambao hawakukukosea lolote.

Uliza tu yule anayeomba kuja nayo. Kitazame cheti chake na kitambulisho, thibitisha kwamba aina na namba ya silaha vinalingana na cheti, kisha urudishe. Usipige picha. Kwenye daftari andika jina, sababu ya idhini, masharti yake, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sahihi mbili. Tarehe ya kuisha isizidi ile iliyo kwenye cheti. Daftari lifungiwe kwenye droo, ufunguo ukae na mtu mmoja na msaidizi mmoja anayejulikana. Masharti yawe mafupi: silaha ikae mwilini imefichwa na ndani ya mkoba wake au ikae kwenye sanduku, isionyeshwe, isiazimwe, isiachwe kwenye meza wala mkoba wa mkononi, na isichanganywe na pombe hata siku ya nyama choma ya kampuni. Hapo kwenye pombe usimpe mtu nafasi ya pili. Idhini ifutwe siku hiyohiyo.

Sanduku la kuhifadhia: hapa ndipo wengi hukosea

Wazo linalokuja haraka ni droo langoni, mgeni amkabidhi askari bastola, apewe tikiti, aichukue akitoka. Usifanye hivyo. Sheria ya Silaha, kifungu cha 4, inakataza mtu kuwa na silaha au risasi bila cheti chake. Askari aliyepokea bastola ya mgeni ameishika bila cheti. Kampuni iliyomwagiza aipokee imemwingiza kwenye kosa la jinai, na mgeni naye amekabidhi silaha kwa mtu asiyeruhusiwa. Vivyo hivyo kwa katibu anayeombwa "niwekee hii kidogo".

Kama ni lazima pawe na sehemu ya kuhifadhi, basi sanduku liwe la mwenye silaha mwenyewe kwa maana ya udhibiti: anaiweka yeye, anafunga yeye, na ufunguo wote, wa kawaida na wa akiba, uko kwake. Kampuni inatoa ukuta tu. Andikia mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lako, yaani OCS, ueleze mpango huo na uombe maoni yake kwa maandishi kabla hujatoboa ukuta.

Sanduku liwe la chuma kizito, moja kwa kila silaha, lifungwe kwa bolti za kutanuka zilizopigwa kutoka ndani ya sanduku kuelekea ukutani, ili vichwa vya bolti visifikiwe mlango ukiwa umefungwa. Bolti nne, moja kila pembe. Ukuta uwe wa zege au matofali. Kwenye kizigeu cha mbao au mabati mwizi hahangaiki na kufuli. Anang'oa ukuta kipande na kuondoka na sanduku zima. Liwe kwenye chumba kidogo karibu na lango la kuingilia, chenye mlango unaofungwa, kisichoonekana kutoka barabarani. Kamera ya CCTV itazame mlango wa chumba, isitazame namba zinazobonyezwa. Chunguza pia kuna nini upande wa pili wa ukuta ambao mtutu utauelekea. Kama ni dawati la mhasibu, chagua ukuta mwingine.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni ufunguo mkuu. Fundi huleta masanduku sita yenye ufunguo mmoja wa jumla, meneja anautundika ofisini, na hapo masanduku yote sita yamekuwa chini ya mtu asiye na cheti hata kimoja. Nunua yasiyo na ufunguo mkuu, au uharibu ule uliokuja nayo mbele ya mashahidi na uandike tarehe.

Gari si sefu. Kioo cha gari huvunjwa kwa sekunde chache, na silaha iliyopotea kwa namna hiyo inamrudia mwenyewe kwa sababu kifungu cha 18 kinamtaka aiweke salama wakati wote. Ikiibwa au kupotea, taarifa ifike kituo cha polisi mara moja; mwajiri asimwambie mtu "ngoja kwanza tutafute hapa ndani hadi jioni".

Sasa kuhusu kuondoa risasi. Kila mara bastola inapotolewa kiunoni ni nafasi ya ajali, kwa hiyo kanuni bora ni ile inayopunguza kuishikashika. Kama mtu atarudi nayo nyumbani baada ya dakika kumi, ni heri mkutane naye mahali pengine nje ya eneo kuliko kumfanya aitoe, aiondoe risasi, aifungie, kisha aijaze tena. Inapobidi kuondolewa risasi, afanye mwenye cheti peke yake chumbani, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, mtutu umeelekezwa mahali pasipo mtu. Kwa kawaida huwa pipa lililojazwa mchanga mkavu, ambalo mtaalamu wa silaha wa polisi amelikagua. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: toa magazini (kikasha cha risasi) kwanza, ndipo uvute nyuma sehemu ya juu ili risasi iliyo chemba, yaani iliyo tayari kufyatuliwa mtutuni, itoke, kisha utazame chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Wanaopiga risasi ukutani kwa bahati mbaya huwa wamegeuza hatua mbili za mwanzo. Wanavuta, risasi inatoka, magazini ikiwa bado ndani inasukuma nyingine chemba, wanaitoa magazini na kuamini bastola ni tupu. Haiko tupu.

Langoni

Askari wa kampuni binafsi anasimama pale na rungu, tochi na redio. Usimwandikie kanuni inayomtaka amnyang'anye mtu bastola. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 inampa nafasi ya kumtambua na kumpekua anayeingia au kutoka, na hiyo inatosha ikifanywa kwa adabu. Wanawake wapekuliwe na wanawake. Bango la kanuni liwe nje ya lango, mtu alisome kabla ya kufika kwenye kizuizi, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili na Kiingereza.

Swali liulizwe kila mtu, kwa sauti ya kawaida: "Karibu mzee. Kabla hujapita, uko na silaha au risasi?" Au "Shikamoo mama, samahani, tunauliza kila mtu." Kuuliza kila mtu ndiko kunakoondoa ubaguzi. Askari anayeuliza tu vijana wa Kondele au watu wa kabila fulani amekiuka haki, na pia ameliacha lango wazi kwa wengine wote.

Akijibu ndiyo, au kifaa cha kupimia chuma kikilia kiunoni, askari asipeleke mkono. Arudi hatua mbili na aseme, "Sawa, tafadhali usiitoe." Maneno hayo yafanyiwe mazoezi hadi yatoke bila kufikiriwa, kwa sababu mtu muungwana anapoulizwa kuhusu bastola yake, jambo la kwanza anataka kufanya ni kuionyesha. Kisha msimamizi aitwe. Mgeni ana njia tatu: arudi nayo, aiweke kwenye sanduku kwa mkono wake kama mpango huo upo na amekubaliwa, au mwenyeji wake amfuate nje. Asipotaka yoyote, haingii, na hapo hakuna kubishana. Akipita kwa nguvu, askari asimkimbilie. Apige simu 999 au 112 na kuwajulisha walio ndani.

Afisa wa polisi aliyekuja kikazi au anayesindikiza fedha haambiwi aache bunduki langoni. Aliyevaa nguo za kiraia aonyeshe kitambulisho cha kazi, na kikitia shaka kituo kipigiwe simu kwa namba ambayo kampuni tayari inayo, si kwa namba anayoitoa yeye.

Faili ya mwenendo

Tishio likiripotiwa, lishughulikiwe na watu watatu au wanne: meneja wa wafanyakazi, msimamizi wa usalama, mwakilishi wa wafanyakazi, na awepo mwanamke. Mkuu wa idara inayohusika asiwe mwenyekiti, maana mara nyingi ugomvi umeanzia kwake.

Andika maneno yenyewe, kwa lugha yaliyotamkwa, iwe Kijaluo, Kiluhya, Kikuyu au Sheng, kisha tafsiri chini yake. "Alimtishia maisha" haisaidii mtu yeyote, si kamati, si polisi, si hakimu. "Nitakuonyesha" ni hasira, na huenda haina zaidi ya hapo. "Nitakuonyesha Ijumaa ukitoka zamu ya usiku" ina mtu, siku na mahali. "Ninayo kwa gari, Ijumaa hutafika stendi" ina mtu, siku, mahali na silaha. Hayo matatu hayatibiwi dawa moja. La kwanza ni mazungumzo siku hiyohiyo na kumbukumbu kwenye faili. La pili ni kuwatenganisha, kubadilisha zamu, kumsindikiza aliyetishiwa na kuanza uchunguzi. La tatu ni simu ya polisi kabla ya kikao chochote, kwa sababu kumtishia mtu kumuua ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika miaka kumi.

Vitu vya kutazama ni kama silaha inapatikana kwake, kama amewahi kutekeleza tishio, kama amepoteza kitu karibuni (kazi, ndoa, kesi ya shamba), kama ameanza kumfuatilia mtu, na kama anakunywa kupita zamani. Usitazame kabila, dini, umasikini, wala ukimya wa mtu. Na kuwa na cheti cha silaha peke yake hakumwongezei mtu alama yoyote hapa. Kunakuwa na uzito pale tu kunapokutana na tishio.

Aliyeripoti asiadhibiwe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamkinga. Kwa upande mwingine, anayebuni uongo ili mwenzake anyang'anywe leseni naye ajue kwamba kuwapa polisi taarifa za uongo ni kosa. Tishio lililotoka nyumbani lichukuliwe kwa uzito uleule. Mfanyakazi akileta amri ya ulinzi ya mahakama chini ya sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani, askari wa langoni apewe jina na picha ya aliyezuiwa, na habari hiyo isiishie kuwa umbea wa jikoni.

Kumsikiliza anayedaiwa, na kuwaandikia polisi

Unaweza kumwondoa mtu kazini kwa muda siku hiyohiyo. Hiyo si adhabu, na kwa sababu hiyo mlipe mshahara wake kamili, isipokuwa mkataba unasema vingine. Kumfukuza ni jambo jingine. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe. Hata kufukuzwa kwa kosa kubwa hakuruki hatua hiyo. Ukiruka, mahakama inaweza kukuagiza kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na mtu aliyewatisha wenzake akatoka akiwa ndiye mdhulumiwa. Kama kuna hofu ya silaha, kikao kifanyike mahali penye upekuzi kwa wote, wajumbe pia, chumba kiwe na milango miwili, na aliyetishiwa atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa wakati tofauti.

Mwajiri hana uwezo wa kumnyang'anya mtu bastola wala cheti. Hiyo ni kazi ya polisi na Bodi. Kazi yako ni barua yenye ukweli: siku, saa, maneno, waliosikia, na hatua mlizochukua. Usiandike "ana wazimu" au "ni mtu hatari". Andika "alisema maneno haya, akigonga kiuno chake mara mbili" na uwaachie wenye mamlaka wapime. Nakala ibaki kwenye faili ya mwenendo, siyo ile ya silaha, na Bodi ikimwita atakuwa na nafasi ya kujibu kitu mahususi badala ya uvumi.

Siku ya kumwachisha mtu kazi ina mbinu zake. Iwe katikati ya wiki, asubuhi, pasipo umati. Malipo yake ya mwisho yawe tayari, au tarehe yake iandikwe na iheshimiwe. Kumzungusha mtu "njoo kesho" kwa wiki tatu kunazaa hasira kuliko kufukuzwa kwenyewe. Asipitishwe mbele ya wenzake akishikwa mkono na askari wawili. Vitu vyake akusanye mwenyewe na shahidi, au vipelekwe kwake. Kama alikuwa na sanduku la silaha, alifungue na kuliondoa yeye, siku hiyo, na jina lake likatwe kwenye daftari la idhini kwa tarehe na sahihi.

Mazoezi ya dharura yafanywe angalau mara moja kwa mwaka, mafupi: toka kama njia ipo, jifungie kama haipo, kisha piga simu. Mwenye idhini ya bastola aambiwe waziwazi kwamba polisi wakiingia ndani hawamjui yeye ni nani. Akiwa ameishika, kwao ni mshambulizi. Ikae mkobani, mikono iwe juu na wazi, na ajitambulishe kwa mdomo tu hadi aambiwe la kufanya.

Mtu akifa au kuumizwa, afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lako ajulishwe: kifo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Eneo la tukio lisioshwe hadi polisi waseme.